Kamati ya kushauri serikali kuhusu mashirika: tumpeleke mstaafu au mama wa daftari?

Mama Simtanki (Newala)

Wakuu habari za humu. Wakubwa zangu shikamooni.

Kuna jambo inabidi tuliamue Jumamosi na sisi wenyewe tumeshagawanyika, kwa hiyo nalileta kwenu mlio nje ya ugomvi.

Mimi ni mweka hazina wa shirika dogo hapa Newala. Tunajenga matanki ya kuvunia maji ya mvua kwenye shule za msingi. Anayeijua Newala sina haja ya kumweleza: huku juu uwandani maji hayachimbwi kwa jembe, na maji ya bomba kutoka Mitema yakikatika watoto wanaingia darasani saa nne wakiwa na vidumu mkononi.

Ofisi ya maendeleo ya jamii ilituita wote wenye mashirika wilayani. Tukaambiwa mkoani inaundwa kamati ya kuishauri serikali kuhusu mashirika yasiyo ya kiserikali: usajili, taarifa za mwaka, ukaguzi, viongozi wanaogombania muhuri, na yale mashirika yanayochangisha kwa jina la yatima halafu yatima mwenyewe haonekani. Kila wilaya ipeleke jina moja. Sifa iliyotajwa kwenye barua ni moja tu, "mjumbe mwenye uzoefu wa kutosha". Uzoefu wa nini, haikusema.

Majina yaliyobaki mezani ni mawili. La kwanza ni la mzee wetu mmoja, mstaafu wa halmashauri, mtu muungwana sana, simsemi vibaya. Barua akiiandika yeye, kuanzia Kumb. Na. mpaka Yah: mpaka nakala kwa nani na nani, hairudishwi. Tuliwahi kusota na kibali cha kujenga tanki kwenye eneo la shule, kila tukienda tunaambiwa faili lipo kwa bwana fulani na bwana fulani kasafiri. Mzee akaingia mle ndani, akasalimia watu kwa majina, akatoka na karatasi. Sasa hivi ni mshauri wa mashirika mawili matatu hapa wilayani.

La pili ni la mama mmoja wa kijijini, darasa la saba. Shirika lao linasaidia mabibi wanaolea wajukuu, wanawakarabatia nyumba. Huyu nitamweleza kwa kirefu maana ndiye anayebishaniwa.

Kwenye kukarabati nyumba kila kitu kinanunuliwa kwa watu wadogo. Mchanga, mawe, miti, vyote vinaletwa na vijana wa guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Kijana wa guta risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ataitoa wapi? Hapo ndipo mashirika mengi yanapofia. Kuna wanaokwenda kuomba risiti dukani kwa mtu ambaye hakuwauzia kitu, na kuna wanaoacha pengo huku wakiomba Mungu mkaguzi asiulize. Yeye alinunua daftari kubwa la jalada gumu, akalipiga mistari kwa rula: tarehe, safari ngapi, bei ya safari, jina, namba ya simu, dole gumba. Mwisho wa kila ukurasa anasaini mwenyekiti wa kitongoji. Wino wa muhuri ulipowaishia, vijana wakapakwa wino wa kalamu kidoleni, kurasa zile zina madoa ya bluu mpaka leo. Mkaguzi alipokuja akachagua namba tatu nne za katikati ya daftari, akapiga palepale, simu ameiweka spika tunasikia wote. Kijana wa kwanza akajibu, "Ndiyo, safari sita, na moja bado hamjanilipa." Wakaangalia kwenye mstari wake: safari sita, tano zimelipwa, moja deni. Mkaguzi akafunga daftari akaomba maji ya kunywa.

Nilikuwepo kwa sababu nilienda kujifunza. Na daftari letu sasa liko hivyohivyo.

Wanaompinga wanasema hajui Kiingereza, hajawahi kukaa kikao kikubwa, atakwenda kusaini mahudhurio, kula chakula na kurudi. Wanaompinga mzee, mimi nikiwemo, tunasema maisha yake yote ya kazi alikuwa upande wa pili wa dirisha. Hajawahi kuwa yule anayesimama nje na bahasha.

Naombeni maoni ya mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati za namna hii, au aliyepeleka mtu akajuta. Siasa tuziache pembeni jamani.

---

Korosho Daraja la Kwanza (Mtwara mjini)

Marahaba mwanangu. Nimekaa kwenye kamati za mkoa nikiwa kazini na nikiwa nimestaafu, nitakwambia nilichokiona.

Mpelekeni mzee. Kikao cha serikali kina mdundo wake. Muhtasari wa kikao kilichopita unapitishwa kwa dakika kumi, na ndani ya dakika hizo kumi ndimo maamuzi yanamobadilishwa neno. Kilichosemwa "kamati imeelekeza" kinaandikwa "kamati imeshauri", na kilichosemwa "ifikapo mwezi wa sita" kinaandikwa "kwa kadiri ya upatikanaji wa fedha". Asiyezoea anaitikia "umepita". Mstaafu atainua mkono aseme mwenyekiti, ukurasa wa tatu, aya ya pili, hatukusema hivyo. Huyo mama wa daftari namheshimu, lakini siku hiyo atakuwa anatafuta ukurasa wa tatu uko wapi.

Pili, ofisi humsikiliza inayemjua. Si haki, lakini ndivyo ilivyo. Akisema mzee kwamba utaratibu fulani unaumiza vikundi, ataulizwa "kwa hiyo tufanyeje?" Akisema mama yule yule jambo lile lile, ataambiwa "tutalifanyia kazi".

---

Salfa ya Unga (Tandahimba)

Mpelekeni mwenye nauli. Nimemaliza.

---

Mama Simtanki

Salfa umecheka lakini umegusa penyewe. Barua haijasema nauli ni ya nani.

Mzee wangu wa Mtwara, hilo la muhtasari limenikaa. Ila huyo mama ukurasa wa tatu ataupata kabla yako, wewe hujamwona akisoma. Anafuata mstari kwa kidole na akifika kwenye tarakimu anasimama.

---

Karani wa Shangani

Nafanya kazi za sheria hapa Mtwara. Kabla ya kugombania mtu, jueni kwanza mnampeleka wapi, maana naona humu mnachanganya vyombo.

Mashirika yetu yanaongozwa na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya 2002, ambayo imefanyiwa marekebisho, makubwa yakiwa ya 2019. Ndani yake kuna Bodi ya Uratibu, ambayo mwenyekiti wake anateuliwa na Rais. Hiyo ndiyo yenye meno, inagusa usajili na kufuta usajili. Kuna Msajili. Mikoani na wilayani kuna wasajili wasaidizi, ambao ndio haohao maafisa maendeleo ya jamii mnaowafahamu. Halafu kuna Baraza, wengi mnaliita NaCoNGO, ambalo ni la mashirika yenyewe, na kazi yake mojawapo ni kanuni za maadili ili mjisimamie wenyewe kabla hamjasimamiwa. Uchaguzi wake wa 2021 ulianzia wilayani ukapanda mkoani mpaka taifa.

Hiyo kamati yenu kwenye sheria haimo. Si kosa, ofisi yoyote inaweza kujiundia kamati ya kuishauri. Ila kamati isiyo ya sheria inaishi kwa karatasi moja tu, hadidu za rejea, yaani maandishi yanayosema kazi yake na mipaka yake. Kama hazijaandikwa, akihamishwa afisa aliyeiunda nayo inahama naye. Kwa hiyo barua yenu ya kupeleka jina iulize haya: kamati inamshauri nani hasa, inakutana mara ngapi, mjumbe anakaa kwa muda gani, ushauri ukikataliwa wajumbe wanaelezwa sababu kwa maandishi au wanasikia redioni, na gharama za mjumbe anazibeba nani.

Na ulizeni mipaka. Kuna jumuiya za dini ziko chini ya Sheria ya Jumuiya kule Mambo ya Ndani. Kuna wadhamini walioandikishwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Kuna vikundi vya kijamii vya halmashauri vinavyofuata mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri. Mtu wa kawaida anaviita vyote "mashirika ya misaada". Mtoa sadaka hajali mmesajiliwa wapi, lakini kamati ikija kushauri juu ya msikiti unaolea yatima itaambiwa si kazi yenu, hata kama yatima ni walewale.

Kuhusu mtu: tangu 2019 cheti cha usajili kina ukomo wa miaka 10, kinahuishwa. Mtafuteni ambaye ameshawahi kukaa na fomu hizo mwenyewe, si aliyezipokea dirishani. Hapo nakubaliana na dada.

---

Korosho Daraja la Kwanza

Karani, aliyezipokea dirishani ndiye anayejua kwa nini zinarudishwa.

---

Karani wa Shangani

Mzee wangu, anajua kwa nini *yeye* alizirudisha.

---

Mkaguzi wa Mashambani (Lindi)

Mimi ni mhasibu, nakagua mashirika madogo Lindi, Mtama, Ruangwa, Nachingwea, mara chache Liwale barabara ikiruhusu. Nimesoma hoja zote na mmeruka swali la kwanza ambalo ningeuliza mimi.

Mama Simtanki umeandika kwa kupita tu kwamba mzee ni "mshauri wa mashirika mawili matatu". Analipwa? Simtuhumu, nauliza tu. Nimewahi kuona, na sitataja wilaya, mjumbe wa kamati ya namna hii ambaye pembeni alikuwa anaandikia watu katiba, anawajazia taarifa za mwaka, na anachukua chake. Akiwa ndani ya kikao, utaratibu ukirahisishwa yeye anakosa wateja. Kila likija pendekezo la fomu fupi kwa mashirika ya ngazi ya wilaya, yeye anatetea fomu ndefu kwa ajili ya "uwajibikaji". Watu wakamwona mkali wa nidhamu. Nilikuja kuelewa nilipokuta jina lake kwenye hati za malipo za mashirika matano niliyoyakagua mfululizo, kila moja limelipia "ushauri elekezi".

Kwa hiyo swali liwe kwa wote wawili, mzee na mama: mna maslahi gani, mtayatangaza, na likija jambo linalowagusa mtatoka nje ya chumba? Waandike, wasaini. Anayekasirika kuulizwa hilo mmeshapata jibu.

Kuhusu uzoefu, mimi nautazama kwenye karatasi za fedha. Kanuni za 2018 zilileta sharti la kutangaza fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Shirika la Dar lenye mhasibu wake na gari lake sharti hilo linalimaliza asubuhi moja. Lenu la Newala mkipata mfadhili wa matanki ya shule nne mmeshaivuka milioni 20, na mnaulizwa maswali yaleyale, na mtu wa kuyajibu ni mwalimu wa jioni anayejitolea. Anayeandika kanuni Dodoma hana ubaya na nyinyi. Hajawahi tu kumwona kijana wa guta. Ndani ya kamati lazima awepo mtu wa kumwelezea kijana wa guta kwa namna ambayo afisa atatoka akiwa na sentensi ya kuandika.

Daftari lile la dole gumba, naomba sana likapigwe picha. Ningekuwa mjumbe ningelipeleka mezani nikasema hiki kiwe kiambatanisho halali cha malipo madogo vijijini, na mipaka yake iwe kiasi fulani. Huo ndio ushauri. "Serikali iangalie namna ya kuwasaidia wadogo" si ushauri, ni dua.

---

Mama Simtanki

Mkaguzi, nimekwenda kumuuliza mzee, kwa adabu, tukiwa kwenye baraza lake. Amesema analipwa "chochote", shirika moja linampa nauli, jingine lilimpa gunia la mahindi. Hakukasirika. Ila alinyamaza kidogo halafu akasema, "Kwa hiyo mimi nimekuwa mfanyabiashara?" Nikajisikia vibaya. Mkewe akaleta uji tukabadilisha mazungumzo.

Mama naye nimemuuliza kwa simu. Amesema maslahi yake ni kwamba taarifa ya mwaka inamtoa kijijini mpaka mjini kutafuta stationari yenye intaneti, anamlipa kijana wa kompyuta kwa ukurasa, na mfumo ukigoma analala kwa dada yake arudi kesho. Akasema kama hayo ni maslahi basi ayatangaze kwa kipaza sauti.

---

Mwana wa Kitangari (Ottawa)

Salaam kutoka kwenye theluji. Dada zangu na kaka zangu wa Newala nawasoma kila siku kimyakimya, leo nimeshindwa kunyamaza kwa sababu huku niliko kuna kamati ya jinsi hiyo na nimeifuatilia, nafanya kazi kwenye shirika la misaada.

Kanada waliunda kamati ya kudumu ya kuishauri serikali kuhusu sekta ya mashirika ya hisani mwaka 2019. Inamshauri Waziri wa Mapato pamoja na kamishna wa mamlaka ya kodi, maana huku mashirika ya hisani yanasimamiwa na watu wa kodi. Wenyeviti wake ni wenza, upande wa mashirika na upande wa serikali wanakaa meza moja. Walioingia ni watu wa mashirika, wanasheria wa mambo hayo, watafiti. Ripoti zao zinawekwa hadharani, mtu yeyote anasoma. Hilo la kuweka hadharani lishikeni sana, kwa sababu ushauri uliofungiwa kwenye faili hauna mwenyewe.

Nitawapa mfano mmoja ambao unawahusu nyinyi hapo Newala bila kujua. Sheria ya kodi ya huku ilikuwa inasema shirika la Kanada likipeleka fedha kwa kikundi cha nje ambacho hakimo kwenye orodha yao, haliruhusiwi kukipa tu. Lazima kazi ihesabiwe kuwa ni ya shirika la Kanada lenyewe, nalo liielekeze na kuidhibiti mwanzo mpaka mwisho. Watu wa sekta walilalamika kwa miaka kwamba hiyo inawafanya wenzao wa Afrika kuwa vibarua kwenye miradi yao wenyewe. Kamati kwenye ripoti yake ya 2021 ikapendekeza sharti hilo libadilishwe. Juni 2022 Bunge likabadilisha sheria, sasa kuna njia ya kukipa kikundi ruzuku moja kwa moja, kwa masharti ya uwajibikaji.

Sisemi kamati peke yake ndiyo ilifanya, kulikuwa na seneta aliyepeleka muswada, kulikuwa na wanasheria, kelele zilikuwa nyingi. Lakini ndani ya chumba walikuwemo watu waliowahi kusaini mikataba ile na kuona aibu. Walijua kifungu kipi kinauma na kinauma wapi.

---

Mama Simtanki

Kaka wa Kitangari!! Subiri. Kwa hiyo ule mkataba wetu wa matanki ya kwanza, uliosema kwamba sisi ni "wakala" na tanki ni kazi ya wale wazungu wa Kanada, wakati msingi tumechimba sisi na wazazi wa shule, haikuwa dharau yao? Ilikuwa sheria yao?

Tulikaa kikao kizima tukiwanung'unikia. Mwalimu mkuu alikataa kabisa jina lao lisichorwe kwenye tanki.

---

Mwana wa Kitangari (Ottawa)

Ilikuwa sheria yao dada. Na wao walikuwa wanaona haya kukuandikia.

---

Korosho Daraja la Kwanza

Mnafurahi sana na Kanada. Wenzetu jirani tu hapo, Kenya, walipitisha sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma mwaka 2013 na ikaanza kutumika Mei 2024. Hesabuni wenyewe. Watu wa mashirika walikwenda mahakamani, walibadilishiwa mawaziri, waliahidiwa na kuahidiwa. Nani aliyedumu muda wote huo? Wale waliojua ofisi, waliojua kwamba waziri akiondoka unarudi kwa katibu kuchukua faili lilipoachwa. Huyo mama akikaa vikao viwili vya bila nauli, cha tatu haendi, na simlaumu, ana mabibi wa kuangalia na mikorosho ya kupulizia. Nyinyi mnachagua mtu wa siku ya kwanza. Chagueni mtu wa mwaka wa nne.

Hilo la maslahi Mkaguzi ametusaidia, nakubali liulizwe. Mahindi gunia moja lakini si ushauri elekezi, tusimdhalilishe mtu.

---

Mkaguzi wa Mashambani

Mzee wangu gunia linaandikwa kwenye daftari kama vingine. Likiandikwa halina aibu.

---

Salfa ya Unga

Kwani mzee hawezi kumfundisha mama huo ukurasa wa tatu? Au ni siri ya serikali?

---

Karani wa Shangani

Salfa leo umeamkia upande mzuri. Kwenye hadidu za rejea mnaweza kupendekeza mjumbe na mbadala wake. Kamati nyingi zinaruhusu. Mjumbe akishindwa kufika anakwenda mbadala, na nyaraka zote wanapata wawili. Ila lazima iandikwe nani ni nani, la sivyo baada ya miezi mitatu mtakuta mbadala ndiye mjumbe.

Na jina lisiende kwa mdomo. Liende na muhtasari wa kikao chenu, idadi ya kura na saini za mashirika yaliyohudhuria. Siku ofisi ikitaka kumbadilisha kwa sababu "anasumbua", itabidi ijibu wilaya nzima.

---

Mama Simtanki

Narudi kuwapa mrejesho, Jumamosi imepita.

Kikao kilianza kwa kuchelewa kama kawaida, ukumbi wenyewe ulikuwa na ufunguo kwa mtu aliyeenda shamba. Mzee alifika wa kwanza, kakaa mbele na faili lake. Mama alifika na guta, daftari kalifunga kwenye khanga.

Nilisimama nikasoma maswali ya Karani. Afisa alikuwepo, akasema hadidu za rejea "zinaandaliwa". Mzee akasimama, na hapa nampa haki yake kabisa, akasema: "Basi na jina letu linaandaliwa." Ukumbi ulivunjika mbavu. Afisa akatoa simu akatoka nje, akarudi akasema zitatumwa wiki ijayo, na nauli itarejeshwa kwa viwango vya serikali. Ikaandikwa kwenye muhtasari palepale, neno "itarejeshwa", mzee mwenyewe akamsimamia katibu mpaka likaandikwa vizuri. Mimi sipendi hilo "itarejeshwa", maana yake mtu atoe kwanza mfukoni. Tumekubaliana mashirika tuchange nauli ya kutangulia, kila shirika kidogo, zikirejeshwa zinarudi kwenye mfuko.

Swali la maslahi likaulizwa kwa wote wawili mbele ya watu. Mzee akataja nauli, akataja gunia, akasema akiteuliwa ataacha kuandikia watu taarifa. Mama akasema yale ya stationari. Kisha kijana mmoja wa shirika la michezo akamuuliza mama, kwa kejeli hivi, kwamba akiambiwa na mkubwa "hilo halipo kwenye kanuni" atajibu nini. Mama akafungua daftari akamwonyesha madoa ya bluu. Akasema: "Nitamuuliza, kanuni inataka nimlipe huyu kijana au nisimlipe? Kama inataka nimlipe, anionyeshe nitamwandikaje."

Kura za siri. Mama kashinda kwa kura chache, si nyingi. Mzee ni mbadala. Kulikuwa na walioondoka wamenuna na watakaosema tumemdhalilisha mstaafu, nayasikia sokoni tangu jana. Mzee mwenyewe hajanuna, au kama kanuna hajanionyesha. Jana jioni walikuwa barazani kwake wamefungua muhtasari wa zamani wa halmashauri, anamwonyesha jinsi "imeelekeza" inavyogeuka "imeshauri". Mama anapiga mstari kwa rula chini ya kila neno. Mzee analalamika kwamba anamharibia karatasi.

Sasa shida mpya. Ofisi inataka wasifu wa mjumbe, "ukionesha elimu na uzoefu". Elimu ni mstari mmoja. Kijana wa stationari kamwandikia kwa mfano alioutoa mtandaoni, kaweka "lengo langu la kitaaluma" na "napenda kusafiri na kukutana na watu". Nimeuchana. Nani anaweza kunisaidia namna ya kuuandika?

---

Mkaguzi wa Mashambani

Elimu iweke mwisho, si mwanzo. Anza na mwaka alioanza kusimamia shirika, nyumba ngapi zimekarabatiwa, fedha kiasi gani zimepita mkononi mwake kwa kila mwaka na hesabu zilikaguliwa na nani. Kisha kichwa kidogo, "Mambo aliyoyatatua": malipo madogo yasiyo na risiti, na mengine utakayomuuliza, usimtungie. Ambatanisha nakala ya kurasa mbili za daftari, namba za simu za vijana zifunikwe kwa karatasi kabla ya kutoa kopi. Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Ukimaliza niwekee humu bila majina, niupitie kabla haujaenda.

---

Korosho Daraja la Kwanza

Na barua ya kuupeleka aiandike mzee.